Ile Simu ya Mlalo

Mwanangu Idrisa,

Umekwenda Magamba kumuaga bibi yako, na ninavyomjua hatakuachia mpaka ule sahani mbili, kwa hiyo nina nafasi. Mambo ya sweta, ya kupiga simu ukifika, ya kutomdhamini mtu usiyejua kwao, nimeyasema mpaka jana ukanijibu, "Mama, niandikie basi nibandike ukutani." Ulikuwa unanitania. Nami nikacheka, kisha nikaenda jikoni nikasimama tu mbele ya sufuria, kwa sababu hujui mimi na kuandika tulikosania wapi.

Siku uliporudi kutoka Arusha kwenye usaili ulikaa kwenye stuli, ukavua viatu, ukanieleza kazi yenyewe. Ukasema idara ya fedha ya kampuni ile haijawahi kuandika shughuli zake. Malipo ya wauzaji, mishahara, kulinganisha hesabu na za benki, kufunga mwezi, kila kitu kimo kichwani mwa mtu mmoja mmoja. Wewe umeajiriwa ukae nao, uangalie wanachofanya, ukiandike hatua kwa hatua ili mtu akiugua kazi isilale. Halafu ukanisimulia kuhusu mama mmoja wa malipo, mtu mzima, aliyekutazama kama umekuja kumwibia kuku. Kila ukimuuliza anakujibu, "Nafanya tu kama kawaida." Ukacheka mpaka ukashika tumbo. "Mama, anaificha kazi kama mganga anavyoficha mizizi."

Nikakuambia ule, chakula kinapoa. Lakini mama yule namjua vizuri, Idrisa. Mama yule ni mimi, na kwa ajili yangu kuna binti wa watu ambaye mpaka leo hawezi kurudi kwao. Binti huyo unamfahamu. Ni Zubeda wa Mombo, yule anayekujazia peasi kwenye mfuko kila ukipita, akakataa hela.

Sikuandikii ili ubebe mzigo wangu. Una wako wa kutosha, na begi lenyewe halifungi. Nakuandikia kwa sababu siku si nyingi utakaa mbele ya mtu anayeogopa, na utamwona mkaidi.

Wakati ule ulikuwa darasa la saba. Baba yako alikuwa ameshatuacha miaka mitatu nyuma, Mungu amrehemu, na mimi ndiye niliyekuwa nashika malipo ya wakulima katika ile kampuni ya mboga pale mjini. Unakumbuka harufu ya karoti na udongo uliyokuwa ukiilalamikia kwenye kanga zangu. Wakulima walileta kabichi, karoti na hoho vituoni, karani wa kituo akapima, akaandika stakabadhi, stakabadhi zikashuka na gari hadi ofisini, mimi nikaziingiza kwenye kompyuta. Alhamisi nafunga orodha, Ijumaa hela inaingia kwenye simu za watu. Hiyo ndiyo kazi yote ukiitazama kwa nje.

Kwa ndani ilikuwa na vifundo vyake. Kikubwa kilikuwa Mlalo. Masika yakichachamaa, ile barabara hukatika, udongo unashuka unalala njiani, na stakabadhi za huko zinakwama pamoja na gari. Kompyuta haijui mvua. Isipoona stakabadhi inaona mkulima hakuleta kitu, na asipoleta wiki mbili mfululizo inamtoa kwenye orodha, nafasi yake anapewa mwingine. Kwa hiyo kila Alhamisi, kabla ya kufunga, nilimpigia simu karani wa Mlalo. "Karatasi zako zimeshuka zote?" Akisema hazijashuka, alinisomea kilo za kila mtu kwa simu, mimi naandika kwa penseli, naingiza, karatasi zikija baadaye nahakiki. Hakuna aliyenifundisha. Nilijitungia mwenyewe baada ya kutukanwa vizuri na wakulima mwaka wangu wa kwanza.

Niliipenda simu ile, nakuambia kweli. Meneja alikuwa kijana wa Moshi mwenye digrii mbili na hakujua kama ipo. Mambo yakienda sawa alisema mfumo unafanya kazi, nami nacheka moyoni, mfumo ni mimi.

Kisha nikapata ule uvimbe tumboni, nikaambiwa niende Tanga kupasuliwa. Meneja akaniita. Akasema kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya, "Mama Idrisa, kabla hujaondoka tuandikie kazi yako yote, hatua kwa hatua. Zubeda atashika."

Zubeda alikuwa karani wa muda, binti wa huko juu ya Mlalo, wa kwanza katika kitongoji chao kukaa ofisini. Baba yake alikuwa mmoja wa wakulima wetu. Alikuwa mwepesi, ana adabu, anakuja asubuhi "shikamoo mama" kabla hata sijaweka mkoba, na alikuwa anajua kompyuta kuliko mimi. Hilo la mwisho ndilo lililoniuma. Nilikuwa nimeshaona mtunza stoo wetu akiambiwa aandike kazi yake, akaiandika vizuri kabisa, na msimu uliofuata stoo ikapewa kijana kwa nusu ya mshahara. Nilikuwa mjane, mgonjwa, na wewe ulikuwa unaingia sekondari. Nikajiambia, ukishaandika kila kitu, wewe wa nini tena?

Nikaandika. Niliandika vizuri, Idrisa, ungeyaona ungenipa kazi Arusha. Namna ya kupokea stakabadhi, kuzipanga kwa kituo, kuingiza, kuhakiki jumla, kumpelekea meneja asaini, kufunga Alhamisi saa kumi. Nilipofika kwenye simu ya Mlalo nikainua kalamu. Sikusahau. Watu wote wanaamini nilisahau kumwambia au yeye alisahau kufanya, lakini mimi nilikaa pale nikafikiri, nikaruka, nikaandika hatua inayofuata.

Sikutaka mtu aumie. Nilitaka mchuzi ukose chumvi kidogo, walaji wenyewe waulize mwenye mkono wake yuko wapi. Niliwaza wakulima wawili watatu watalalamika, meneja atakuna kichwa, atasema rudi haraka Mama Idrisa. Basi. Mtu akitenda ubaya mdogo hudhani ubaya utabaki mdogo kwa heshima yake.

Masika yakaja na hasira mwaka ule. Barabara ikakatika. Alhamisi nikiwa nimelala kitandani Tanga, kidonda kinavuta, simu ikaita. Zubeda.

"Shikamoo mama. Pole, unaendeleaje? Samahani kukusumbua. Mama, Mlalo sioni stakabadhi hata moja. Nifunge tu?"

Alikuwa ameona, unaelewa? Hakuwa mzembe. Alikuwa ameona na akauliza anayepaswa kuulizwa. Nilikuwa na neno moja tu la kumwambia, piga simu kwa karani, na lilikuwa mdomoni. Lakini niliposikia sauti yake yenye wasiwasi nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba wameshakwama bila mimi. Nikamwambia, "Fuata nilivyoandika."

Akasema, "Sawa mama. Ugua pole."

Wiki ya pili hakupiga, kwa nini apige, nilishamjibu. Akafunga kama nilivyoandika. Kitongoji kizima cha kwao kikatoka kwenye orodha, na baba yake akiwemo. Ilikuwa mwisho wa Ramadhani. Watu wakala Idd bila hela ya kabichi walizopanda kwa jembe, wakauliza karani wa kituo, karani akasema mimi karatasi nimezitoa, ulizeni ofisini. Na ofisini kwenye malipo ameketi nani? Binti yao. Barabara ilipofunguka kampuni iliwalipa za nyuma, lakini nafasi zao zilikuwa zimeshachukuliwa na wakulima wa upande mwingine, na kabichi zilizobaki shambani zikaozea huko. Tangu hapo hawajarudishwa. Sasa mtu aliyepoteza soko hatafuti kosa la hatua, anatafuta mwizi. Wakasema Zubeda amekula na wakubwa.

Nilirudi kazini natembea nimeshika tumbo. Meneja akatuweka sote wawili mezani kwake. Zubeda akaifungua karatasi yangu, akasema kwa adabu, "Hapa haikuandikwa kupiga simu Mlalo." Meneja akanigeukia. "Mama Idrisa, ulimwambia?"

Hapo, mwanangu, ndipo nilipopewa mlango wa pili wa kutokea, baada ya ile simu ya Tanga. Ningesema hapana, ningepata karipio, pengine barua ya onyo. Nikasema, "Nilimwambia kwa mdomo. Mambo madogo kama yale sikuona haja ya kuandika."

Zubeda akanitazama. Hakubisha. Wewe unajua malezi ya huku, binti hamwambii mtu wa umri wa mama yake kwamba ni mwongo mbele ya mwanamume. Akainamisha kichwa, na meneja akachukua kuinamisha kichwa kuwa ndiko kukiri. Wiki hiyohiyo akaachishwa. Mimi nikapewa nyongeza ya mshahara, kwa kuwa imethibitika kazi haiwezi kwenda bila mimi. Ada yako ya sekondari ilitoka humo. Sikuambii ili uione haramu. Ulisoma kwa bidii yako, na aliyekosa ni mimi. Lakini ulizoea kunisifu mbele ya wenzako kwamba mama yako hajawahi kuchukua likizo, na sasa unajua ni kwa nini. Siku uliyosimama jukwaani kupokea zawadi ya hesabu niliikosa kwa sababu ilikuwa Alhamisi, na kiburi changu kilikuwa kimenifunga kwenye kiti kile kama mbuzi kwenye kigingi.

Alirudi kwao akakaa muda mfupi. Wakawa hawampi kazi ya kushika hata michango ya msiba. Akateremka Mombo, akaanza na beseni moja la peasi, sasa ana kibanda. Na kila ukipita, unaniletea salamu zake. "Mama, Zubeda anakushikamoo." Nami najibu marahaba huku nimegeuka ukutani. Miaka yote hiyo nimekuwa nikipokea shikamoo ya mtu niliyemvunjia jina.

Tangu siku ile ya stuli na viatu sikulala vizuri. Jumatatu nilikuambia nakwenda sokoni, kumbe nimeteremka Mombo.

Nilimkuta anapangusa parachichi. Akasimama. "Shikamoo mama. Karibu kiti."

"Marahaba. Zubeda, ile simu ya Mlalo sikuisahau."

"Simu ipi, mama?"

"Ya kumuuliza karani kama karatasi zimeshuka. Niliijua. Nilikuwa naipiga kila Alhamisi. Niliiacha makusudi, na uliponipigia Tanga niliiacha tena, na mbele ya meneja nikasema uongo."

Basi likasimama, abiria wakatoa mikono madirishani. Akaenda, akauza, akarudisha chenji, akarudi, akakaa kwenye kreti. Nilidhani atapiga kelele. Ningependa angepiga kelele.

"Mimi nimekutetea," akasema. "Nikiulizwa nasema Mama Idrisa alikuwa mgonjwa, mtu mgonjwa husahau. Hata kwa baba nilisema hivyo. Akaniambia, mbona yeye anasema alikwambia? Nisingeweza kusema mtu mzima kama wewe umedanganya."

Nikaanza kulia, akaninyamazisha, si kwa huruma, kwa kuwa wateja walikuwa wanaangalia. Nikamwomba msamaha. Akafikiri.

"Mama, mimi na wewe tutayamaliza, Mungu yupo. Lakini baba yangu akienda mazikoni anakaa pembeni. Wadogo zangu wakigombana na wenzao wanaambiwa wao ukoo wa wala jasho la watu. Huko ndiko ulikoniharibia, si hapa Mombo. Njoo uwaambie wao."

Nikasema nitakwenda. Nikasema haraka, kama mtu anayetaka kutoka. Akasema kikundi cha wakulima kinakutana Jumamosi, kabla ya kupanda, kisha mpaka mavuno hawakai tena pamoja. Ndipo nikashtuka. "Jumamosi Idrisa anaondoka."

"Basi mama," akasema, "mtoto kwanza." Hakusema kwa hasira. Akanifungia peasi, nikapanda gari, nikafika hadi hapa nyumbani na mfuko ule mapajani. Zile peasi ulizozila ukasema tamu.

Najua utauliza, sasa yule mama wa Arusha nimfanyeje? Sina kanuni. Ninachojua ni kwamba mimi ningesema kila kitu kama meneja angeniambia kwanza kwamba kiti changu kipo, na kama angeniuliza, si unafanya nini, bali siku gani kazi hii ilikutia hofu. Vifundo vyote vimo humo. Mtu hukwambia hatua za siku ya jua, za siku ya mvua anabaki nazo. Ukishaandika, usimpe yeye aisome karatasi, mpe mgeni aifanye kazi nayo, na yeye akae pembeni anyamaze. Utaona mkono wake ukiinuka kwenye hatua iliyorukwa. Na jina lake liandike juu, kwamba haya ni ya fulani, ametufundisha yeye. Pengine ningeliona jina langu pale nisingekuwa na njaa ya kutafutwa. Au pengine ningekuwa nayo tu, sijui. Sitaki kujifanyia uwakili. Usimcheke, basi. Mficha uchi hazai, lakini hata mkunga hamcheki anayeona aibu.

Na siku atakapokupigia kijana wa chini yako, kwa unyonge, anakuuliza jambo unalolijua, mjibu. Hata kama unaumwa, hata kama unamwonea wivu. Mjibu kwanza, wivu utaushughulikia baadaye.

Idrisa, nilikuahidi kukusindikiza mpaka uingie basi. Nimekuombea siku hii tangu ulipokuwa unaandika herufi kinyumenyume, na nimeshonesha hata gauni la kuja nalo. Sitakusindikiza. Gari la Mlalo linaondoka Jumamosi hiyohiyo alfajiri, na nitakuwa ndani yake. Nimejaribu kutafuta njia ya kuwa huku na huku, haipo. Nimekukosa mara nyingi kwa ajili ya kazi na sikukuomba radhi hata mara moja. Hii naomba. Ukiamka ukakuta kitanda changu kimetandikwa utakasirika, na una haki ya kukasirika. Bibi yako nimemwomba aje kukusindikiza, na atalia kwa niaba ya ukoo mzima, mvumilie.

Sikuweza kukuambia hili usoni. Ungeniambia niende Jumamosi nyingine, ningekubali mara moja, na ningekuwa nimeuacha mlango wa tatu.

Naogopa. Wale watu walipoteza mengi, na najua ulimi wa kwetu ukichemka. Wengine watasema nimelipwa kumsafisha. Wengine watauliza mbona nimeficha miaka yote hii. Mchana wa leo nimempigia Zubeda kumuuliza nikisimama nianzie wapi, nianze na ugonjwa wangu, au na mvua, au na meneja alivyoniagiza. Nimemsikia kwanza anamaliza kumhudumia mtu.

"Anza na mimi, mama," amesema. "Hayo mengine watakuuliza wenyewe."

Ni mimi,
Mama yako